Fulana ya Yesu uwanjani: kosa ni la nani?

Mtangazaji_Lushi: Bandugu, mchezaji akifunga pale uwanja wa Kamalondo, Lubumbashi, akavua jezi kuonyesha "Yesu ni Bwana", tunamkosoa kwa imani au kwa sheria?

Refa_Kenya: Tenganisha mambo mawili. Kuvua jezi ni Sheria ya 12 ya soka (makosa na utovu wa nidhamu): kadi ya njano, hata goli likikataliwa. Maandishi ya dini ni Sheria ya 4 (vifaa vya wachezaji). Adhabu yake hutoka kwa waandaaji wa mashindano. Kupiga magoti na kuomba si kosa, ila akichelewesha mchezo kuanza tena.

Yaya_Katuba: Ndipo waandishi wanapoteleza: wanasema "kaadhibiwa kwa kuomba". Uongo mtupu! Angalia Uingereza, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 2024. Marc Guehi, wakati huo nahodha wa Crystal Palace, aliandika maneno ya Yesu kwenye kitambaa cha unahodha chenye rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuunga mkono wapenzi wa jinsia moja. FA, chama cha soka cha huko, ilimkumbusha sheria, akarudia, hakuadhibiwa. Sam Morsy, wakati huo nahodha wa Ipswich, Mwislamu, alikataa kukivaa kabisa, naye hakuadhibiwa. Ukimkosoa mmoja, mtaje na mwingine.

Refa_Kenya: Na mchezaji wa leo usimlinganishe na Kaká, Mbrazil aliyeonyesha fulana ya "I Belong to Jesus" mwaka 2007. Sheria ya maandishi kwenye fulana ya ndani ilikazwa 2014.