Naomba ushauri: msafara wa bodaboda hadi Tukuyu kuchangia mashuka ya wodi ya wazazi

Katibu wa Kijiwe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kijiwe kimoja cha bodaboda barabara ya Tukuyu, kabla hujafika Isongole. Tumekubaliana tufanye msafara wa pikipiki kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu, kama kilomita 70, ili tuchangishe fedha za mashuka na mablanketi ya wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya ambako ndiko tunakopeleka wajawazito usiku. Wodi yenyewe tunaijua. Godoro ni raba tupu, mama anatandika kitenge alichokuja nacho, na mtoto akizaliwa anafunikwa kile kile. Baridi ya huku mnaijua.

Nina maswali matatu. Kibali tunaombea wapi? Fedha ashike nani? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: vijana wetu msafara wanaoujua ni wa kampeni na wa msiba. Honi mwanzo mwisho, kunyanyua tairi, watatu watatu barabarani. Mimi nataka mtu achange kwa kuwa ametuona tunaendesha kwa heshima. Nawasilisha.

Mzee wa Tanzam
Kijana, wazo ni zuri sana. Nimeendesha lori barabara hiyo hadi Kasumulu miaka mingi, nisikilize.

Kwanza, msianzie mjini. Kutoka Mwanjelwa hadi Uyole mtakuwa mnagombania njia na malori ya Tunduma na daladala, na msafara utakatika kabla haujaanza. Kusanyikeni Igawilo, mkiwa mmeshaiacha barabara kuu.

Pili, msiende kundi moja. Gaweni watu wanane wanane, na kati ya kundi na kundi acheni nafasi ambayo Coaster inaweza kuingia ikipita. Ndani ya kundi mmoja akae kushoto, wa nyuma yake kulia, kama meno ya zipu. Kwenye kona wote mstari mmoja. Mwenye pikipiki dhaifu akae nyuma ya kiongozi, asiachwe mkiani, maana wa mkiani ndiye anayekimbia kuliko wote ili awafikie wenzake, na huko ndiko watu wanakofia. Kiongozi asizidi 50 kwenye makazi, na hapo katikati yote karibu ni makazi.

Tatu, ule mteremko wa kushukia Kiwira. Breki za nyuma za pikipiki zenu nyingi ni za dramu. Ukizikanyaga muda mrefu zinashika moto na kulegea. Mshuke na gia. Anayezima injini ili abane mafuta mrudisheni nyumbani siku hiyo hiyo. Ukungu ukishuka, washeni taa na mpunguze mwendo, lakini msisimame barabarani.

Binti Mwanjelwa
Kibali: andikeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla, ila ninyi pelekeni wiki mbili kabla ili mpate na trafiki wa kuwasindikiza. Mnavuka wilaya, kwa hiyo barua ziwe mbili, ya Mbeya na ya Rungwe. Andikeni njia, saa ya kuanza, idadi ya pikipiki, na namba ya simu ya kiongozi. Kwa michango pitieni kwa mtendaji wa kata hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mpate barua yenye muhuri. Ukiingia dukani kuomba mchango bila muhuri unaonekana tapeli.

Mkweli Daima
Mimi napinga, na sisemi kwa ubaya. Mnataka mashuka, nunueni mashuka. Hela ya mafuta ya pikipiki hamsini ingetosha kuanzia. Msafara ukiua mtu mmoja hakuna atakayekumbuka mashuka.

Dereva Kabwe
Mkweli, hofu yako ni ya haki. Lakini ukipitisha bakuli kijiweni kimya kimya utapata elfu ishirini. Watu wanachangia kitu wanachokiona.

Katibu, swali la kwanza utakaloulizwa ni "mafuta nani anaweka?" Kampeni zimetuzoesha hivyo. Jibu mapema: kila mtu anaweka yake, ndiyo mchango wake. Pili, usiweke Jumamosi. Mwenye pikipiki ya hesabu (ya bosi, unampelekea kiasi kila siku) au ya mkataba (unailipia kidogo kidogo hadi iwe yako) atakuja roho juu, akiwaza atampelekea nini bosi jioni, na ndiye atakayekimbia kurudi. Kwa wengi wetu Jumapili ni ya dereva. Anzeni baada ya ibada.

Tena Mkweli kanipa wazo: kwa nini Tukuyu? Ishieni Kiwira, mfike Daraja la Mungu na Kijungu, vile vivutio vya mto Kiwira, mle ndizi, mrudi mapema. Kijungu kipo eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo toeni taarifa kabla.

Nesi Rungwe
Ninafanya kazi wodi ya wazazi, nimesoma huu uzi nikafurahi sana. Kabla ya kununua chochote muoneni mganga mfawidhi, awape idadi ya vitanda na vipimo. Mara nyingi tunaletewa mashuka ya nyumbani, mazuri, ya maua, yakifuliwa na jiki mara chache yanachanika. Chukueni pamba nzito, rangi moja.

Fedha isikae kwa mtu. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, muwe na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Anayetaka amlipe mwenye duka moja kwa moja, risiti ije kwenu. Siku ya kukabidhi hakikisheni vitu vinaingizwa kwenye leja ya kituo mbele yenu.

Kama kuna atakayependekeza mchangie na damu, msifanye siku ya msafara. Aliyetoka kutoa damu hapandi pikipiki kwenda mwendo mrefu.

Fundi Spea
Jioni ya siku moja kabla waleteni wote, nitakagua bure: breki, cheni, taa, tairi. Mwenye tairi kipara haendi. Nitakaa wa mwisho kwenye msafara na pampu, viraka na sanduku la huduma ya kwanza. Abiria mmoja tu, naye avae helmeti. Mishikaki, yaani kupakia zaidi ya mmoja, hapana.

Katibu wa Kijiwe
Nimewasomea wenzangu yote. Tumebadili: tunaanzia Igawilo, tunaishia Kiwira, Jumapili ya Septemba, ili tupishane na Nanenane na ile baridi ya Juni na Julai. Kila kundi la wanane lina kiongozi, na anayenyanyua tairi anatoka kwenye msafara hapo hapo, hata akiwa mwenyekiti. Wawili wamegoma kwa sababu ya mafuta, tumewaacha. Kesho naenda kwa mganga mfawidhi. Ndaga fijo (asante sana), Mzee wangu, na wote.

Nesi Rungwe
Ukifika kwake uliza na makintoshi, ile mipira ya kutandika chini ya shuka. Bila hiyo godoro jipya au la zamani linaoza mapema, na watu hawakumbuki kuichangia.