MJADALA: Amri ya dharura Zanzibar ina mlango wa kutokea?

Mwenye mada (Mkunazini)

Assalaam alaykum jamaa. Ijumaa baada ya sala tulikaa pale Jaws Corner tukinywa kahawa, mmoja akatupa suali: likija gonjwa jengine kama korona, serikali ikasema maduka yafungwe, skuli zifungwe, mtu asitoke nje, nani atatii? Tulikuwa kumi na moja. Wanne ndio waliosema watatii, na mmoja wao anakula mshahara wa serikali.

Mimi nimo katika wale saba. Maradhi nayaamini, nimezika. Amri ndiyo siiamini, na nitaeleza kwa nini.

Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, hali ya hatari ina ibara yake, ya 32. Anayeitangaza ni Rais wa Muungano. Rais wa Zanzibar hana uwezo huo, kwa sababu mamlaka ya hali ya hatari yamo katika mambo ya Muungano tangu yale 11 ya mwaka 1964, pamoja na ulinzi na polisi. Afya haimo. Kwa hiyo gonjwa likiteremka bandarini Malindi, kulitibu ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi, lakini kutangaza hali ya hatari ni kazi ya Dodoma. Matokeo yake hapa kwetu hakutangazwi kitu. Linatoka agizo. Waziri kasema, Mkuu wa Mkoa kasema, sheha, mkubwa wa serikali mtaani, kapita na kipaza sauti. Nina miaka hamsini na mitatu na sijapata kusikia ibara ya 32 ikisomwa redioni kwa ajili ya Unguja wala Pemba. Maagizo nimeyasikia mpaka nimechoka.

Suali langu: Zanzibar iwe na sheria yake ya dharura, ipitishwe na Baraza la Wawakilishi, iseme nani anaamuru, kwa siku ngapi, na nani wa kumzuia? Au tukiwapa sheria ndio tumewakabidhi na bakora?

Mtu wa Chukwani

Wa alaykum salaam mzee wangu. Hao saba wa Jaws Corner wangekuwa na mgonjwa ndani wasingesema hivyo. Sisi ni visiwa. Hospitali kubwa tuliyokuwa tukiikimbilia sote ni Mnazi Mmoja. Machi 2020 tulipopata mgonjwa wa kwanza wa korona, serikali ilisimamisha ndege za watalii, hoteli za Nungwi na Paje zikabaki na paka. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kazi hoteli, nikarudi nyumbani bila senti. Nililalamika? Sana. Lakini ungesubiri Wabunge wakae Dodoma wapige kura, virusi vishamaliza Ng'ambo nzima.

Dharura ni dharura. Nyumba ikiwaka moto huulizi kibali cha zimamoto.

Mwenye mada

Huulizi, kweli. Lakini moto ukishazima, zimamoto huondoka. Hawahamii sebuleni.

Na umeigusa korona mwenyewe, basi tuimalize. Mapema Mei 2020 hesabu za wagonjwa zilikatika. Tanzania nzima ikabaki na 509, vifo 21, miezi na miezi, kana kwamba maradhi yamepigwa mihuri yakaambiwa yasimame hapo hapo. Mtu anayekuficha idadi ya wagonjwa leo, kesho akikuamuru ujifungie kwa sababu wagonjwa ni wengi, utamjuaje kuwa anasema kweli?

Mtu wa Chukwani

Hilo la takwimu sina la kulitetea. Endelea.

Bi Juisi (Darajani)

Nyinyi wasomi mnakwenda mbio na maibara yenu. Mimi nasema nilichokiona.

Mwaka 2016, kipindupindu, tuliambiwa tusiuze juisi wala chakula nje. Nikatii siku ile ile, wallahi. Nilikuwa na ndoo mbili za ukwaju na moja ya miwa, nikazimwaga uchochoroni. Sikuhitaji kulazimishwa, jirani yangu alishatiwa dripu, na anayeuza juisi anajua maji yanatoka wapi. Amri ile ilikuwa ya haki na mimi ningeitoa ningekuwa mkubwa.

Tabu ilianza baadaye. Maradhi yakapungua, watu wakaacha kuyazungumza, lakini hakuna aliyepita kutwambia sasa uzeni. Aliyekuja kufunga alikuja na gari na kipaza sauti. Wa kufungua hakuja. Tukaanza kurudi mmoja mmoja, kwa kuvizia, kama wezi. Sasa hapo ndipo walipopata riziki wengine. Anakuja mtu na kofia yake, anashika jagi, anasema "mama, hujui kuna katazo?" Katazo la lini, mwanangu? Hajui. Mimi pia sijui. Lakini jagi yumo nalo mkononi, na mimi nimo na elfu tano. Ikawa hivyo kwa muda mrefu sana, kila Jumatatu na Alkhamis, mpaka nikamzowea, nikawa namwekea gilasi yake.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nitatii tena, nitatii. Ila nitataka kujua linakwisha lini. Hata edda ina siku zake.

Kijana wa Jang'ombe

Bi mkubwa umenichekesha na kunikera pamoja. Hiyo gilasi ya Alkhamis ndiyo serikali yote tunayoijua sisi mtaani.

Mtoto wa Micheweni

Nasoma kimya tangu asubuhi. Nyinyi wa Unguja mnazungumza juisi na hoteli, na si vibaya. Lakini huku Pemba neno "amri ya serikali" lina harufu nyengine.

Januari 2001 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa umegombewa, CUF, chama cha upinzani, wakaitisha maandamano, maandamano yakakatazwa. Jumamosi ya tarehe 27 watu wakatoka, Micheweni, Wete, Konde, Chake. Yaliyofuata mnayajua. Tume ya uchunguzi ya Brigedia Hashim Mbita ilihesabu vifo 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Sisi watoto hatukuhesabu, tulikuwa chini ya vitanda. Ami yangu aliondoka usiku na mashua ya jirani akaenda Shimoni, Kenya, ambako watu kama elfu mbili hivi walikimbilia. Tulikaa siku sijui ngapi bila kujua kama tunaruhusiwa kutoka kwenda kisimani. Hatukusomewa tangazo. Hakuna aliyesema ni marufuku kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Tulijua tu. Mama alikuwa akichungulia ufa wa mlango, akiona njia nyeupe anamtuma dada.

Basi mnaposema watu hawana imani, mimi nashangaa mnaposhangaa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mtu wa Chukwani

Pole sana ndugu yangu. Lakini ni robo karne sasa. Yamepita maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF ya 2009, yamepita maoni ya wananchi ya Julai 2010, asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Tutashtukia ung'ongo mpaka lini?

Mtoto wa Micheweni

Mpaka nyoka aache kutoka shimo lile lile. Umeyataja ya 2010, ukayaruka ya 2015. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alijitokeza kwenye televisheni akafuta uchaguzi wa visiwa vizima. Mtu mmoja, karatasi moja. Machi 2016 tukaambiwa twende tena. Katikati yake usiku wanapita watu waliofunika nyuso, mitaani mkiwaita mazombi. Waliokuwa wakiwapiga watu walikuwa na amri ya nani? Ukimpata wa kukujibu, nami niambie.

Wakili mstaafu (Kiembesamaki)

Naomba niingie, maana mwenye mada kasema kweli nusu.

Kwanza, sheria tunazo. Ipo ya afya ya jamii na mazingira ya 2012, ipo ya kukabiliana na maafa ya 2015, zote za Baraza letu. Waziri akifunga biashara ya juisi wakati wa kipindupindu ana pa kusimama, hata kama sheha hajui kukutajia.

Pili, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: hiyo ibara ya 32 mnayoiogopa ndiyo yenye breki kuliko zote. Ikitangazwa hali ya hatari Zanzibar nzima, Spika hana budi kuita Bunge ndani ya siku 14, na lisipoungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote tangazo linakufa. Likipita linaishi miezi sita, na kulirefusha mpaka warudi Bungeni. Mwingereza naye, baada ya fujo za uchaguzi wa Juni 1961 zilizoua watu 68, alitangaza hali ya hatari waziwazi, kila mtu akajua yuko chini ya nini. Simsifu Mwingereza, aliwaweka watu ndani bila ya kesi. Nasema tu alilitangaza.

Serikali yenye akili haiendi kwenye ibara ya 32. Kwa nini ijifunge na siku 14, na sheria za kawaida zinaipa kila inachokitaka bila saa ya ukutani? Tazameni masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya hapa kwetu. Walikamatwa, wakaja kushitakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, kosa lisilo na dhamana, wakavushwa bahari kwenda kuwekwa mahabusu Dar es Salaam, na Juni 2021 mashitaka yakaondolewa wakarudi majumbani. Miaka saba hivi, kesi haikuisha. Hapakuwa na hali ya hatari hata siku moja ndani ya miaka hiyo. Lau wangezuiwa kwa tangazo la dharura, miezi sita ingefika na Bunge lingelazimika kusema neno.

Kwa hiyo mimi sheria mpya ya dharura siitaki. Nataka zile za kawaida zitiwe tarehe.

Kijana wa Jang'ombe

Mzee umenifungua macho, ila hiyo breki ya theluthi mbili, nani anaikanyaga? Baraza la 2016 lilikuwa karibu lote la chama kimoja baada ya CUF kususia. Bunge la sasa mnalijua. Breki iko chini ya mguu wa yule yule dereva.

Na mnazungumza ya zamani tu. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Amri ya kutotoka nje ilikuwa Dar es Salaam, huku Unguja kulikuwa shwari, tulikuwa tukitembea. Lakini mtandao hatukuwa nao mpaka Novemba imeingia. Mimi napeleka watalii Jozani na Mnemba, kila kitu changu kiko kwenye simu: wageni wananitafuta humo, wananilipa humo. Siku tano nimekaa kwenye kibaraza namtazama kuku. Sikupigwa, sikukamatwa, siwezi kujilinganisha na kaka wa Micheweni. Ila nambieni, ile iliamriwa kwa karatasi gani, iliyosainiwa na nani, na mimi nikitaka kudai hasara yangu niende mlango upi?

Mtu wa Chukwani

Mawasiliano ni ya Muungano, hilo lisipelekwe kwa SMZ, Serikali yetu ya Mapinduzi. Na tusisahau Bara kulikuwa na vurugu na watu walikufa. Serikali gani duniani ingekaa kimya?

Mtoto wa Micheweni

Hakuna anayetaka ikae kimya. Tunataka iseme. Kimya ndicho kilichokuwapo.

Mwenye mada

Wakili kanirekebisha na nakubali. Nilikuja hapa nikitaka sheria mpya, sasa naona nilikuwa naomba kufuli wakati mlango hauna fremu. Basi nipunguze dai langu liwe dogo kabisa, hata wa Chukwani aweze kulikubali: amri yoyote ya kukataza, iwe ya kipindupindu, ya mtandao, ya mkutano, iandikwe, iwe na jina la aliyeitoa, kifungu alichosimamia, na siku inayokufa. Ikitakiwa kuendelea, iandikwe upya. Isipoandikwa upya imekufa, na Bi Juisi auze.

Mtu wa Chukwani

Hilo nalikubali. Naongeza moja: ibandikwe afisini kwa sheha.

Kijana wa Jang'ombe

Sheha huyo huyo anayeteuliwa na Mkuu wa Mkoa? Sisi hatukumchagua. Bila barua yake hupati hata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Utakwenda kumdai karatasi, na kesho wewe ndiye unayemhitaji akujue?

Wakili mstaafu

Suali zuri, na sina jibu lake la kisheria. Mashitaka ya mtu dhidi ya sheha wake nimeyaona machache sana, na walalamikaji wengi waliyaondoa wenyewe.

Bi Juisi (Darajani)

Wanangu, mimi nimeshajaribu kabla nyinyi hamjamaliza kubishana. Juzi mwakilishi wa sheha kapita kwetu, kasema meza zote za vinywaji zirudi nyuma ya mtaro, ni agizo, mvua za masika zinakuja. Nikampa kalamu na kipande cha boksi la ndimu, nikamwambia niandikie hapa, linaanza lini, linakwisha lini, na jina la aliyekutuma. Akacheka. Akasema "Bi mkubwa, hilo mpaka nikaulize juu."

Kipande cha boksi nimekitundika kwenye meza, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Hajarudi.