Dawa inayoifanya saratani iwake: mzee anaisubiri

Kijana_wa_Bahi:
Wakuu, shikamooni. Baba mkubwa wangu ana miaka 67, kiungulia mwaka wa pili huu. Dukani wanampa omeprazole, ile ya kupunguza asidi tumboni, anapata nafuu, anarudi kwenye ugali wa uwele na mlenda. Sasa hata uwele haushuki, na mkanda wa suruali kautoboa tundu jipya kwa msumari. Hapa Dodoma mjini wanataka kumwingiza kamera na kukata kinyama. Binamu kamwonyesha video: Wajapani wananyunyiza dawa, uvimbe unawaka kijani kama kimulimuli. Mzee kagoma, anasubiri hiyo. Nimjibuje?

Dada_Maabara:
Ipo. Yasuteru Urano wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Hisataka Kobayashi aliyeko Marekani waliitangaza 2011, wakianzia kwa panya. Ikiwa kwenye chupa haiwaki. Seli nyingi za saratani zina kimeng'enya kinaitwa GGT. Kikiikata ile dawa, ndani ya dakika chache inawaka. Ila tumboni utainyunyiza kwa njia gani? Kwa mpira uleule wa kamera anaoukimbia! Mwanga wake haupenyi nyama, huwezi kuuona ukiwa nje. Na panapowaka bado patakatwa kinyama, maana anayesema hii ni saratani ni mtu wa hadubini.

Kipara_Nkuhungu:
Kuna dawa nyingine ya kijani, inaitwa ICG (indocyanine green), ya tangu miaka ya 1950. Hiyo haiitambui saratani kabisa. Wanaidunga kando ya uvimbe, inafuata njia za limfu, mpasuaji anaona mitoki ya kutoa. Mwanga wake hata macho hayauoni, ule ukijani wa kwenye skrini unapakwa na kompyuta. Video nyingi ni hiyo.

Mama_Zabibu:
Mwanangu, mimi niliingizwa huo mpira mwaka jana, hapahapa. Unalala njaa, wanakupulizia ganzi kooni, chungu kama mwarobaini, unang'ata kiplastiki. Machozi yalinitoka, sikatai. Lakini kukatwa sikukusikia. Kinyama chenyewe ni kama punje ya uwele. Jioni nilikunywa uji. Kukonda huko msikusubirishe.

Kijana_wa_Bahi:
Asanteni. Nimemsomea yote. Kanyamaza, kisha akauliza punje ngapi. Nikasema labda sita. Akasema hizo hata kifaranga hashibi. Tunaenda Alhamisi.