Wauza magodoro Mwanza, mnatuuzia inchi au mnatuuzia upepo?

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nina gesti ya vyumba sita Kirumba, si mbali na Mwaloni. Wageni wangu ni wanunuzi wa dagaa na watu wa kwenda visiwani. Hawaulizi televisheni wala chai. Wanataka maji, chandarua na kitanda cha kunyoosha mgongo, basi. Mwezi wa tatu nikakopa kikoba nibadilishe vitu vya vyumbani: magodoro sita ya tano kwa sita inchi nane, kila moja 245,000, mashuka jozi 18 kwa 25,000, mito 12 kwa 8,000. Jumla 2,016,000, zote kwenye duka moja la mjini ambalo silitaji, na marejesho bado nalipa.

Kijana wa dukani alipanda juu ya godoro akaruka na viatu vyake. "Bosi wangu, hii hai densiti, miaka kumi haibonyei." Yaani sponji nzito, iliyoshiba. Mimi nikacheka, nikalipa. Ujinga wangu huo.

Mwezi wa sita haujaisha, mzee mmoja wa chumba namba tatu, mtu wa Kwimba, akatoka asubuhi kashika kiuno. Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Mayu, jana nimelala na chaga zako, godoro sikuliona." Hakudai hela. Afadhali angedai! Niliingia chumbani nikabonyeza katikati kwa ngumi, ngumi ikagonga mbao.

Nikarudi dukani. Eti tatizo chaga zangu zimeachana sana. Sawa, hapo alikuwa na hoja, fundi wangu alibana mbao, kati ya chaga na chaga mkono mzima unapita. Nikaongeza chaga nne kila kitanda kwa hela yangu. Wiki tatu mbele shimo liko palepale, limekaa umbo la mtu aliyelala ubavu.

Sasa sikilizeni hapa, maana hili ningelijua mapema nisingelia. Shemeji yangu anauza dagaa, ana mzani wa kuning'iniza. Tukalivingirisha lile godoro, tukalifunga kamba, tukalitundika. Kilo tisa! Pamoja na kava lake. Shemeji akasema, "Hili hata gunia la dagaa wakavu linalishinda." Tukapiga hesabu nyuma ya daftari la wageni: futi tano mara sita mara inchi nane ni futi za ujazo 20, yaani kama mita za ujazo 0.57. Gawanya kilo tisa kwa hiyo, unapata kilo 16 kwa mita moja ya ujazo. Mimi kwa gesti, kitanda kinacholaliwa na mtu tofauti kila siku, sikubali chini ya kilo 25, na godoro la saizi hiyo lingevuka kilo 14. Kwa hiyo kilo tano nzima nimelipia sijapewa. Inchi nane zipo kweli, kwa tepu zipo. Ila sponji ni kama mkate wa kuumuka, ukubwa haukwambii kitu. Na hakuna duka hata moja nililoingia mjini lenye mzani.

Mashuka nayo. Pakiti imeandikwa pamba 100%, ina picha ya kitanda cha hotelini. Kufua mara mbili tu yakaota vipele, mgeni akigeuka yanakwaruza. Nikachomoa uzi nikauwasha kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unabaki majivu laini. Huu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Plastiki! Jamani, sisi watu wa kanda hii, tuliosomeshwa kwa hela ya pamba, ndio wa kuuziwa plastiki kwa jina la pamba?

Na "shuka la tano kwa sita" ukilipima ni futi sita kwa saba. Godoro la inchi nane linakula inchi 16 za pembeni kabla hujachomeka chochote chini. Futi sita hazifiki hata chini ya godoro, mgeni akijigeuza mara mbili asubuhi shuka liko shingoni. Ninayotaka mimi ni nane kwa tisa. (Wadudu wa ziwani wakija kama wingu na kuganda kwenye mashuka meupe kambani, hilo simlaumu mtu, hilo la ziwa letu.)

Mito sitaki hata kuisema. Nilipasua mmoja: vipande vya sponji vya rangi tano, kitambaa chenye kifungo cha shati, na uzi wa kiroba. Kichwa cha mtu kinalazwa humo.

Nilipopeleka malalamiko mara ya pili, mwenye duka mwenyewe akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe ya mkono, siyo ya mashine. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu ubora wa bidhaa, kwa hiyo hayo maandishi akayasome mwenyewe. Akaongeza, "Mama, gesti ni gesti, watu wanalala usiku mmoja wanaondoka." Hapo ndipo damu ilinichemka. Yule mzee wa Kwimba alikuwa akilala kwangu kila mwezi. Tangu siku ile sijamwona.

Jumamosi narudi pale na godoro la namba tatu juu ya bajaji, shemeji kanipa mzani wake. Nitalipima mlangoni kwake mbele ya wateja. Mwenye kujua duka Mwanza linalokubali kuuza godoro baada ya kulipima kilo, aweke hapa, nina vyumba vitano vingine vinasubiri.