"Dharura" iwekwe wapi kwenye modeli ya data za maji ya kunywa?

Mchoraji: Wakuu, habari za kazi. Natengeneza ontolojia (modeli ya dhana na uhusiano wake, ili data za idara tofauti zisomeke pamoja) ya kushughulikia dharura za maji: uchafuzi, bomba kupasuka, pampu kuzima. Maabara wana majedwali yao, mafundi yao, dawati la malalamiko nalo lake. Kila bomba na tangi nimelipa sifa ya "hali". Sasa kanda moja ya usambazaji inasoma "salama" na "dharura" kwa pamoja. Tatizo liko wapi?

Valikuu: Mkuu, bomba halina dharura, lina maji tu. Klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki kwenye maji ikisoma miligramu 0.1 kwa lita, chini ya ile 0.2 ambayo WHO (Shirika la Afya Duniani) inataka ifike kwa mteja, hicho ni kipimo. Tangazo la kuchemsha maji ni uamuzi: una aliyeutoa, saa ulipoanza na saa ulipofutwa. Vitenganishe.

Vipimo usivibunie msamiati, SOSA ipo tangu 2017: ni msamiati wa kueleza vipimo na sampuli, wa W3C, shirika la viwango vya wavuti. Inatofautisha saa ya sampuli na saa ya jibu, na hapo ndipo penye kazi. E. koli, bakteria wa kuonyesha kinyesi kwenye maji, huoteshwa maabara kwa muda wa saa kama 18 hadi 24, kwa hiyo jibu la leo linahusu maji ambayo watu walishakunywa jana.

Halafu hiyo kanda yako nadhani ni mstari uliochorwa mara moja. Fundi akifunga vali, mtaa uliokuwa unakunywa tangi A unahamia tangi B, na maabara hawana habari. Hifadhi viungo vya mabomba na hali ya kila vali kwa muda wake, kanda ikokotolewe.

Mchoraji: Nimekupata. Na mteja anayesema "maji yananuka"?

Tonetone: Huo nao ni uchunguzi, kifaa ni pua. Uzito tu usiwe sawa na wa maabara.

Mimi ningeongeza nani kapokea jibu, na lini. Mji wa Walkerton, Kanada, maji yalichafuka Mei 2000: watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 waliugua. Jibu la E. koli lilishawafikia waendeshaji wa maji, ofisi ya afya haikuambiwa. Weka sheria ya SHACL (lugha ya W3C ya kukagua data): jibu baya lisilo na aliyearifiwa lipige kelele.

Mchoraji: Sawa, "hali" naiondoa. Ila vali zinaandikwa kwa mkono kwenye daftari la zamu.

Valikuu: Anza na hilo daftari basi, ontolojia itasubiri.