Mteja alindwe sawa, ila muuzaji mwaminifu msimweke kundi moja na tapeli

Wakuu, nina hasira na leo naandika yote. Kila likizuka sakata la watu kuliwa hela kwenye piramidi, ile michezo ya kulipa kiingilio ili ulipwe kwa kuingiza wenzako, anatokea mtu na hoja kwamba wote wanaouza bidhaa mkono kwa mkono wabanwe, ndo mlaji atakuwa salama. Kwa hiyo mimi ninayebeba mzigo begani, mteja anaona, anajaribu, analipa, anapewa risiti, nahesabiwa sawa na jamaa aliyekusanya viingilio vya watu akazima simu??

Na sijasema sitaki sheria, msinilishe maneno. Ulaya aliyeuziwa mlangoni ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, Marekani siku 3 za kazi, hiyo naunga mkono kabisa, maana muuzaji akishakaa sebuleni kwako kumkatalia ni shughuli. Mimi tarehe ya mwisho ya kurudisha naiandika kwa mkono juu kabisa ya risiti, sio nyuma kwa maandishi ya sisimizi, na mtu akirudisha chupa haijafunguliwa namrudishia hela yake yote palepale.

Kinachonichoma ni sheria za mtu ambaye hajawahi kuuza hata sabuni. Angalieni Marekani 2006, FTC, tume yao inayolinda walaji, ilipendekeza mtu akitaka kujiunga kuuza asubiri siku 7 ndo alipe, hata kama kianzio ni hela ndogo tu, halafu umpe majina ya watu 10 waliojiunga kabla yake wanaokaa karibu naye, na orodha ya kesi za udanganyifu ulizoshtakiwa miaka 10 nyuma hata zile ulizoshinda! Yaani mahakama imekusafisha bado utembee na kesi shingoni. Na hao 10 nani kawauliza kama wanataka majina yao yagawiwe kwa mtu baki?

Maoni yalimiminika zaidi ya 17,000, na kanuni ilipopitishwa 2011 ikaanza kazi 2012, kampuni za mauzo ya mtandao wa watu, yaani muuzaji anaingiza wauzaji wenzake, zikaachwa nje. Hapo napo nakasirika!! Badala ya kutoa vipengele vibovu wabakize vizuri, wakaachia wote, na wale wa "utalipwa ukiwa umelala" wakapita mlango huohuo.

Na kipimo cha kutambua piramidi kipo toka 1975, kesi ya FTC dhidi ya Koscot, kampuni ya vipodozi ya Marekani. Mtu analipa ili apate haki ya kuuza, na haki ya kulipwa kwa kuingiza wenzake, malipo ambayo hayatokani na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho, hiyo ni piramidi, haihitaji semina. Amway, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandao wa watu, 1979 waliponea hapo sababu walikuwa na kanuni za kurudisha mzigo usiouzika na za kuhakikisha bidhaa inauzwa kwa wateja wa nje, ila bado walikatazwa kupamba mapato.

Sasa kwa nini mnakomaa na fomu? Tapeli hajazi fomu, au akijaza anadanganya, anayepoteza siku nzima kwenye makaratasi ni mimi. Anayetangaza kipato aonyeshe mahesabu ya wanachama wote, sio ya wale watatu wa jukwaani. Kampuni inunue tena mzigo uliomdodea mtu. Kagueni hela inatoka kwa wateja au kwa viingilio, mkikuta ni viingilio fungeni hiyo kampuni, na mimi mniache niuze.