Mto Lukuledi: tupime wapi, na tunywe nini tukisubiri majibu?

Mchota Maji
Wakuu salaam. Kitongoji kiko bonde la Lukuledi, upande wa Mtama. Kiangazi watu wanachota visima vya mchangani, mvua zikianza wanachota mtoni. Kila mvua za kwanza watoto wanaharisha. Kamati ya maji ina hela ya sampuli tatu tu. Tuchukue wapi? Na kwa sasa maji ya kunywa tuyafanyeje?

Mtu wa Maabara
Tatu zinatosha mkizipanga: juu ya kitongoji, mnapochota, na chini ya mnywesho wa ng'ombe. Anzeni na ya chini mkipanda. Mkianzia juu, tope mnalotibua linawatangulia.

Chupa iwe ya maabara, na msiisuuze. Simama ukitazama maji yanakotoka, zamisha chupa mdomo ukiwa chini kama sentimita 20, ndipo uigeuzie mkondo. Acha nafasi kidogo juu. Mto ukifura usiingie, funga chupa kwenye mti mrefu. Iwekwe kwenye boksi la barafu, ifike ndani ya saa 6. Ikishindikana isipite 24, maana baadhi ya bakteria watakufa na wengine watazaliana, namba isiaminike.

Halafu hili wengi hulisahau: waambieni maabara mapema kuwa ni maji ya mto, wayazimue mara 10 na mara 100. Wakichuja mililita 100 nzima, madoa ya E. coli (bakteria wa kinyesi) yanajaa kichujio, mnarudishiwa "hayahesabiki" na hela imekwenda. Maji ya kunywa yanatakiwa 0 kwa mililita 100.

Bi Mlonge
Klorini kwenye tope ni hasara, uchafu unaila kabla haijawafikia bakteria. Tuliza tope kwanza. Ndoo ya lita 20: mbegu 10 kavu za mlonge, menya, twanga, koroga kwenye kikombe cha maji, chuja kwa kitambaa, mimina. Koroga haraka dakika 1, polepole dakika 5, acha saa 2. Kinga maji ya juu tu.

Hapo bado si ya kunywa! Chemsha yatokote, au weka klorini isiyo na manukato: ya asilimia 5 ni matone 2 kwa lita, ya 3.5 matone 3. Subiri dakika 30. Hifadhi kwenye dumu la mdomo mwembamba; ndoo wazi na kata ya kila mkono inarudisha uchafu. Maji ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja.

Kijana wa Mikindani
Mjini nako ni mvua hizohizo, ila huku kinachoshuka ni vyoo vilivyofurika kwenye mitaro. Pimeni mara mbili, kiangazi na baada ya mvua za kwanza. Sampuli ya kiangazi peke yake itawadanganya.

Mchota Maji
Shukrani wakuu. Na dawa za mikorosho?

Mtu wa Maabara
Hizo ni kipimo kingine kabisa. Kuchemsha hakuziondoi, klorini vilevile. Mabomba ya kupulizia yaoshewe shambani, si mtoni.